Tulikuwa Tunasuka Tu

Nitaanza na jua, maana katika mji wetu jua ndilo la kwanza lililoona haya. Tangu siku ile halijazama. Limekaa alasiri, pale pale juu ya paa la ghala, rangi yake ya maji ya binzari, na sisi chini yake tunakula, tunazaa, tunaota mvi, tunazikana, yote hayo alasiri moja. Mtu akitaka kulala hujifunika kanga usoni. Watoto waliozaliwa baada ya siku ile hawaijui asubuhi ila kwa kusimuliwa, nao huicheka, kama sisi tulivyocheka tulipoambiwa kwamba zamani wanyama walikuwa wakisema. Usiniulize ni miaka mingapi. Mimi nahesabu kwa magoti yangu. Wakati ule niliweza kuchuchumaa nikainuka bila kushika kitu, sasa nashika ukuta.

Mji wenyewe hauna jina. Ulikuwa nalo, likachukuliwa na watu wa ofisi kwenda kurekebishwa, halikurudi. Hatukulidai. Ndivyo tulivyo watu wa huku: kitu kikichukuliwa polepole hatuoni kwamba kimechukuliwa, tunaona kimechelewa.

Nyuma ya soko iko Nyumba ya Maneno. Humo kila neno lina chungu chake, na kila chungu kimefunikwa kawa, inzi wasiingie. Neno likisemwa mno na watu, likachakaa kama kanga ya kupikia, chungu chake hutolewa uani, mpiga mbiu akapita mitaani, na kila aliyelitumia neno hilo akaitwa aje aeleze maana yake na namna alivyolitumia. Asipopatikana wa kulieleza kwa jambo alilolifanya yeye mwenyewe, chungu humwagwa. Neno linafutika, na kesi zote zilizolitegemea zinafutika nalo.

Mbiu ikapita. Neno la leo ni njama.

Nilikuwa kizingitini nachagua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo. Maana siku tatu hizo, kama ni siku, langoni mwa mji alikuwa amekaa Kazija juu ya mzigo wake. Kazija, mwosha maiti wetu wa zamani, aliyeondoka hapa akiwa na nywele nyeusi. Amerudi anataka kufia alikozaliwa, basi, hakuomba kingine. Walinzi wa lango wakafungua daftari, wakakuta mbele ya jina lake pameandikwa: Aliondoka mwenyewe. Na sheria ya mji inasema aliyeondoka mwenyewe harudi. Hurudi yule tu aliyetolewa kwa njama, tena mpaka ajitokeze mmoja wa waliomtoa aseme. Hajajitokeza mtu. Sasa chungu kikimwagwa leo, hapatakuwa na njama tena katika mji huu, wala haijawahi kuwapo, na Kazija atafia langoni juu ya mzigo.

Niliyajua hayo yote nikiwa na ungo mapajani. Nikamaliza kuchagua mchele. Hilo nalo liandikwe: nilimaliza kwanza mchele.

Foleni ilikuwa ndefu kama ya chanjo. Mbele yangu bwana mmoja mfuga kuku akaeleza kwamba kuku wake sita na jogoo wa jirani wamekula njama wasitage kwake, wakatage ng'ambo ya ua. Mwalimu mmoja akasema wanafunzi wake walikula njama wakafeli wote, ili aonekane hajui kufundisha. Mwanamke mwenye kilemba cha buluu akasema njama anayoijua yeye ni ya mumewe na viatu vyake, maana viatu vile vikitoka havisikiki, vinasikika vikirudi tu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha akaja msemaji wa Mkuu wa mji, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akasoma kwenye karatasi: njaa ni njama, ukame ni njama, na maswali juu ya njaa na ukame ni njama kubwa kuliko zote. Hapo hakuna aliyecheka. Tulitazama vidole vyetu vya miguu.

Nikawa nawaza pale kwenye foleni. Nimeishi, nimesikia maneno mengi. Mtu husema nimekula ugali, nimekula hasara, nimekula kiapo, vyote vimepita kooni kwake naye anakiri. Lakini sijapata kusikia mtu, awe mlevi, awe mahututi, akisema: jana nilikula njama. Njama wamekula wale. Wale wa mtaa wa pili, wale wa ofisini, wale ndugu wa mume. Ukienda mtaa wa pili ukawauliza, wanakuonyesha kidole mtaa wa kwanza. Neno zima limejaa watu, na ukilifunua hamna mtu. Nikaona kwamba hiyo ndiyo shida ya chungu kile. Wanaokuja wote wanakuja kuweka majeraha yao. Kisu hakiletwi.

Aliyekuwa akiandika ni binti mmoja anaitwa Mboni, mwandishi wa nyumba ile, ana miwani na wino umemwingia mpaka kwenye kucha. Zamu yangu ilipofika akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akanisogezea kigoda.

"Bibi, nisamehe nikikuuliza kwa uchovu," akasema. "Tangu nikae hapa nimeandika watu mia moja na wanne waliofanyiwa njama. Aliyeifanya sijamwandika hata mmoja."

Nikamwambia maana ninayoijua, ile ya kusomesha: njama ni watu kukaa faraghani, wakapatana kwa siri kumdhuru mwenzao. Akaiandika. Akauliza ilikuwa faragha gani. Saa ngapi. Nani aliwaita watu. Nani alifungua kikao na nani alikifunga. Nikainua macho nimjibu, na uso ulionitazama haukuwa wa Mboni. Nyumba ile haina kioo wala haikihitaji. Anayekuuliza huvaa uso unaoukimbia. Ulikuwa uso wa Kazija wa siku zile, wenye mwanya mbele na kipele kidogo juu ya nyusi.

Basi nikaona nieleze. Si kwa ushujaa. Kigoda kilikuwa kifupi na nilijua siwezi kuinuka upesi.

Mwanamkasi alikuwa mke wa Mkuu. Kijana, mpole, akicheka hufunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Tukaambiwa amekufa kwa homa. Kazija akaitwa kumwosha, na mimi nikaenda kumwagia maji, maana ndivyo tulivyofanya siku zote mimi naye: yeye anaosha, mimi nashika kata ya maji. Chini ya kitanda pamechimbwa ufuo, kile kishimo cha kupokea maji ya maiti. Maji ya mkunazi, kisha maji ya kafuri. Kazija alipomfunua upande wa mbavu alinyamaza. Alikuwa amenyamaza tangu mwanzo, lakini ule ulikuwa unyamavu mwingine. Mimi nilishika kata. Akafanya kazi yake kwa mikono yake, akamgeuza, akamkausha, na neno alilolisema ni moja tu, "Maji, mwenzangu." Nikamwaga. Mwosha ana kiapo chake, kila mtu anakijua hata mtoto: alichokiona juu ya mwili kinashuka na maji, kinafukiwa kwenye ufuo. Hakisemwi kwa mume, hakisemwi kwa mama, hakisemwi kwa hakimu.

Siku ya tatu ya matanga tulikuwa kibarazani kwa Bi Mgeni. Wanawake watano, na Kazija hakuwapo, alikuwa amekwenda kufua. Tulikuwa tunasuka. Kwetu mkeka hausukwi na mtu mmoja. Kila mwanamke anasuka ukili wake, ule utepe mrefu wa miyaa ya mkindu, anauviringisha pembeni, na zikitosha zinashonwa ukingo kwa ukingo. Ukimwuliza mmoja wetu, mkeka huu kausuka nani, atakwambia mimi nimesuka ukili tu. Naye hasemi uongo.

Alasiri. Chai ya tangawizi, karanga za kukaanga kwenye sinia. Mlango wazi, watoto wanapita, jua linatutazama. Mkuu akapita njiani, akasimama, akatuamkia kwa upole kama kawaida yake, tukamwambia pole kwa msiba. Akaitikia. Kisha akauliza, "Kazija hajambo? Sijamwona." Tukasema hajambo. Akasema vizuri, akaenda zake.

Hayo ndiyo aliyoyasema. Nimeyapima maneno yale tangu siku ile mpaka magoti yameniisha, sijapata ndani yake hata punje ya amri. Mtu kauliza hali ya mtu. Wenye nguvu hawasumbuki kuagiza, mwanangu, wanaulizia tu hali, na sisi tunaobaki nyuma ndio tunaotafuta kilichotakiwa, tunakichemsha, tunakipakua, tunakipeleka kingali moto.

Yaliyofuata nayasikia bado, lakini vinywa vimenipotea. Nasikia:

Mtu akiulizwa hali na Mkuu, si bure.

Mimi sisemi. Ila mdomo wa Kazija mnaujua.

Tunaujua nini?

Si nimesema sisemi?

Lete hiyo sinia huku.

Ati anasema marehemu alikutwa na hirizi kiunoni.

Kasema nani?

Watu.

Lo, maskini Mwanamkasi, hata kaburi halijakauka.

Mwosha akiwa na mdomo, sote tuko uchi.

Mimi nikifa msimwite yule.

Hapo Bi Mgeni alicheka, au nilicheka mimi. Bi Tufaha, aliyekaa ng'ambo ya sinia, alikohoa, au ni mimi niliyekohoa. Mara nyingine nikijikumbuka pale najiona nimekaa mahali pa Bi Tufaha, nina mikono yake yenye hina, na huyo anayeitwa Mwatime, ambalo ndilo jina langu, namwona ng'ambo ya sinia ameinama. Nadhani ndivyo inavyokuwa. Vinywa vitano vinakuwa kimoja, na baadaye kila mtu akirudi nyumbani na kinywa chake anakikuta kisafi.

Kisha wote wakanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwapo kwenye kuosha. Mmoja akaniuliza, tena kwa huruma, "Mwatime, wewe ulikuwa naye. Alisema au hakusema?"

Nilikuwa nimeuma ncha ya mwaa kwa meno. Nikautoa. Nikasema:

"Mimi nilikuwa naangalia kata."

Na ni kweli, nilikuwa naangalia kata. Ukilipeleka mbele ya hakimu yeyote, neno langu halina kosa. Nikaurudisha mwaa mahali pake, nikasuka. Chai ilipokwisha, jambo lilikuwa limeshashonwa. Hakuna aliyekata shauri wala aliyeapishwa, na hakuna aliyesema tumtoe Kazija. Aliposhika ndoo kisimani, wanawake walikumbuka wameacha kitu jikoni. Mama yake Bi Tufaha alipofariki, waliagiza mwosha kutoka mji wa mbali, na maiti ikakaa mpaka watu wakaziba pua. Kazija akaja kwangu. Hakuingia, alisimama uani. Akaniuliza amefanya nini. Nikamwambia watu wanasema. Akauliza wanasema nini, nikamwambia ile ya hirizi. Alikuwa na njia moja tu ya kuwaonyesha kwamba hajasema uongo juu ya mwili ule, nayo ni kusema ukweli juu ya mwili ule. Kiapo kilimfunga. Tulimziba mdomo kwa uaminifu wake mwenyewe, na sisi tulijua, na ndiyo sababu ilifanikiwa. Mtu mwongo tusingemweza.

Akajitwika godoro, akatoka. Tangu hapo jua halijasogea.

Mboni alikuwa ameacha kuandika. Uso ulikuwa wake tena, wa kijana, wenye miwani. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama maneno hayo ni ya kuandikwa yote, na kwa jina gani. Nikamwambia yote, kwa jina langu, Mwatime binti Haji. Na maana ya neno aiandike hivi: njama si lazima watu wakutane. Yatosha kila mmoja kufanya kidogo anachoweza kukikana, huku akijua mwenzake anafanya kidogo kilichobaki. Akaandika, akapuliza wino, akagonga muhuri. Chungu kikarudishwa ndani na kawa lake.

Nikatoka nje nikatazama juu. Nilikuwa nimedhani jua litasogea. Sitakudanganya, nililitazamia, kama mtoto aliyekunywa dawa chungu anavyotazamia sukari. Halikusogea hata unyoya.

Nikaenda langoni na karatasi. Watu wakanifuata, wale wa foleni, mfuga kuku, mwanamke wa kilemba cha buluu, maana habari katika mji wetu haitembei, inakimbia. Bi Mgeni naye alikuwapo, mzee kama mimi, anaegemea kiti cha walinzi. Kazija alikuwa amekaa juu ya mzigo akijipepea kwa kipande cha boksi. Amekonda, mwanya umekuwa pengo. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikamsomea, neno kwa neno, kidole chini ya kila mstari, na nilipofika kwenye kata nikakohoa, nikaendelea. Mlinzi alikuwa ameshafungua daftari afute lile andiko la kwamba aliondoka mwenyewe.

"Umeeleza vizuri," Kazija akasema. "Na Mwanamkasi?"

Nikamwambia ya Mwanamkasi ni ya maiti, na ya maiti hayasemwi, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Ya maiti ni yangu, mimi ndiye niliyemwosha. Wewe nakuuliza ya alipokuwa hai."

Akapunguza sauti, si kwa ukali, kama mtu anayemwambia mwenzake kanga yake imelegea nyuma.

"Ile kanga aliyofungwa mbavuni, mwenzangu. Kipande cha pili cha doti ulikuwa umejifunga wewe, unanimwagia maji."

Sasa hapa, wewe unayenisoma, hapa ndipo. Yote niliyoyasema mbele ya Mboni niliyasema ili nisifike hapa. Mtu anaweza kukiri kosa akalitumia kufunikia kosa, kama tunavyofunika sufuria lililoungua kwa sahani nzuri. Nilikuwa nimeileta karatasi ile kwa moyo mweupe, nikijiona nimevunja njama, na bado nilikuwa ndani yake, naisuka, nimebadilisha rangi ya miyaa tu.

Siku tatu kabla ya kifo chake Mwanamkasi alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa anapumua nusu nusu. Nikamwingiza, nikamfunua, nikaona. Nikakata doti yangu mpya, kanga mbili za rangi moja zilizokuwa hazijatengana, kipande kimoja nikamfunga nacho mbavu, nikakaza. Nikampikia uji. Aliniambia hataki kurudi. Alisema hivyo mara mbili, mara ya pili akanishika mkono. Nami nikamwambia, "Rudi kwako, mwanangu. Mke wa Mkuu hakimbii." Nikamsindikiza mpaka kwenye kona, nikamwongoza kabisa, nikasimama pale nione kama amekata njia sawasawa. Alikata sawasawa.

Na siku ya kuosha, Kazija alipofunua mbavu akaiona kanga, akanitazama nilivyojifunga, akajua. Aliifungua, akaikunja, akaisukuma ndani ya ufuo pamoja na maji, akafukia, ili watu wa Mkuu waliokuja kuchukua nguo za marehemu wasijue alipita kwa nani. Ule unyamavu wake mwingine ulikuwa kwa ajili yangu. Alinificha mimi. Siku ya tatu nikauma mwaa, nikasema nilikuwa naangalia kata. Kweli niliangalia kata. Nisingeweza kuangalia kanga.

"Kwa karatasi hiyo siingii," Kazija akasema. "Nitakuwa nimerudi mimi, na yule bado amekufa kwa homa."

Akaendelea kujipepea. Mlinzi akashika kalamu juu ya daftari, hajui afute au aache.

Ndipo Mkuu akaja kwenye matembezi yake ya alasiri. Uso wa Mkuu umebadilika mara nne au tano tangu siku zile. Wa leo ana masharubu, wa wakati ule hakuwa nayo. Ni yule yule. Sauti laini ile ile, na watu husogea kumpisha kabla hajafika. Akatuamkia sote. Akaona umati, akauliza kuna nini, na msemaji wake akasema ni mambo ya vikongwe.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Hata kwenye harusi ya mwanangu nilimpa shangazi aseme. Miguu ilikuwa baridi na jua lote lile. Nikaona mbele yangu barabara mbili, na nilizijua zote: moja inakwenda kwa Kazija, nyingine ile niliyomsindikiza Mwanamkasi mpaka kwenye kona. Nikasema kwa sauti ambayo sikuwa nikijua ninayo.

"Mwanamkasi binti Makame hakufa kwa homa. Alipigwa na mumewe mpaka akavunjika mbavu. Alikuja kwangu akiwa hai, akaniomba nisimrudishe, nikamrudisha. Alikwenda kufa kwa sababu nilimwambia mimi aende. Kazija hakusema neno. Tuliosema ni sisi."

Nilitazama chini, na chini palikuwa na miguu mingi, viatu, makubazi, pekupeku, yote imetulia. Aibu ilinipanda kutoka kwenye nyayo, si ile ya kuonekana uchi, maana hiyo hupita ukipewa nguo. Hii ilikuwa aibu ya kujiona nimevaa vizuri miaka yote hiyo.

Mkuu hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona bibi yake ametoka nje na kandambili za rangi mbili.

"Bibi amechoka na jua," akasema. "Mleteeni kiti."

Kiti kilikuwa pale. Bi Mgeni ndiye aliyekuwa karibu nacho kuliko wote, mkono wake ulikuwa juu ya egemeo. Namjua Bi Mgeni tangu tukiwa na meno ya utoto, mwanamke ambaye Mkuu akipiga chafya yeye ameshatafuta leso. Nikaona vidole vyake vinakaza mti wa kile kiti. Hakukisukuma. Mfuga kuku hakukisogelea. Mlinzi alikuwa na kalamu. Mkuu akangoja, na kungoja hakuzoeleki mara moja, akageuka kidogo huku na huku kuona nani anakileta. Hakuna aliyeleta kiti.

Akasema vizuri, akaenda zake, na matembezi yake siku hiyo yalikuwa mafupi.

Mlinzi akalifuta lile andiko. Kazija akainuka. Nikataka kumshikia mzigo, akaupitisha mkono wa pili. Akavuka lango, akasimama, akatazama mitaa iliyogeuka, vibanda vipya, kuta zilizopakwa chokaa ya rangi, akaniuliza bila kunitazama:

"Nyumba yangu ilikuwa wapi?"

Nikamwongoza. Nilikwenda nyuma yake nikisema kulia, kushoto, nyoosha. Nilikwenda polepole kuliko magoti yangu yalivyotaka. Tukafika kwangu. Akageuka akaniangalia, akidhani namkaribisha apumzike kwanza. Nikamwonyesha kwa mkono. Alipoondoka, nyumba yake iliporomoka, uwanja ukabaki wazi, na uwanja ukibaki wazi jirani hupanda mchicha, kisha huweka kuni, kisha hujenga. Ukuta wake wa mashariki ndio ukuta wa jiko langu. Mafiga yangu yamekaa palipokuwa chumba chake cha kulala. Moto ulikuwa unawaka, na ule mchele niliouchagua ulikuwa umeivishwa na mkwe wangu, harufu imetanda mpaka njiani.

Kazija aliinama chini ya mlango mfupi, akaingia. Nikasikia anatua mzigo. Nikasikia kifuniko cha sufuria kinainuliwa, kinarudishwa. Nikasikia mifupa yake ikikaa chini.

Mimi nilibaki uani, mbele ya jiko langu mwenyewe, nimevua viatu sijui kwa nini. Nikapiga hodi.

Nikangoja, nikapiga ya pili. Ndani moto ulilia kidogo, kuni zikaporomoka, mtu akazisogeza. Mkwe wangu alikuja akasema, mama, ingia, mbona unasimama nje kama mgeni. Nikamwambia aende zake. Hodi ya tatu nimeipiga sasa hivi. Sijasikia karibu. Sina haraka, nitasimama.